Mama wa Katilili

 Nina deni. Deni lenyewe ni la alama mbili, na leo nimekuja kulilipa mbele yenu.

Mtakumbuka kwamba muhula wa pili chama chetu kilikuwa na chemshabongo baina ya kidato cha pili na kidato cha tatu. Swali la mwisho lilikuwa, jina halisi la Mekatilili ni lipi? Niliinua mkono kabla ya mtu yeyote, nikajibu kwamba ni Mnyazi wa Menza. Nikapigiwa makofi, tukapewa alama mbili, na tukawashinda wadogo zetu kwa alama moja tu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona mimi ndimi mimi.

Nyumbani tunaishi na hawe, yaani nyanya mzaa baba, tangu tsawe alipofariki. Nilimkuta barazani anachambua mchunga. Nikamsimulia ushindi wetu wote, swali na jibu. Nilidhani atafurahi kwa sababu Mekatilili ni Mgiriama kama yeye. Kumbe wapi! Alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga, halafu akaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kumwita mtu mzima vile anavyoitwa mtoto wa kutumwa dukani. Nikamwambia jibu limo kitabuni. Akasema basi kitabu hicho hakina mama.

Maneno hayo yalinikaa rohoni. Nikaanza kumwuliza, nikawauliza na wazee wengine, nikasoma pale nilipopata cha kusoma. Haya ninayoandika ndiyo maisha ya mama huyo shujaa kama nilivyoyapata, lakini nimeona nianze na jina, kwa sababu bila ya jina maisha yenyewe hayaeleweki.

Hapa kwetu Mikindani jambo hili si geni hata kidogo. Hebu simama pale penye maji asubuhi kina mama wanapopanga mitungi. Utasikia mama Fulani amekuja, mama Fulani hajaja, na Fulani huyo ni mtoto. Wapo kina mama katika mtaa wetu ambao nimeishi nao miaka yangu yote kumi na sita na sijui majina waliyopewa na wazazi wao. Majirani zetu Wajaluo nao husema min, halafu wakataja jina la mtoto. Waarabu wana umm. Kwa Wagiriama neno ni fupi zaidi, ni Me tu. Me ukiliunganisha na Katilili unapata Mekatilili, mama wa Katilili. Hivyo tu.

Lakini si hivyo tu. Hawe alinieleza kwamba kwao mwanamke akishazaa, jina lake la utotoni huwekwa kando kama nguo iliyombana. Wazazi wake wanaweza kumwita kwalo, na labda watu wa rika lake wakiwa katika mzaha. Mwingine yeyote akilitamka anamvunjia heshima. Anakuwa amemrudisha nyuma, amemvua uzazi wake. Kwa hiyo ukisema kwamba Mekatilili ni jina la kupanga na Mnyazi ndilo jina halisi, kwa Mgiriama umeipindua dunia miguu juu. Mnyazi alipewa. Mekatilili alilipata kwa uchungu.

Na lile neno wa Menza linaonyesha baba yake alikuwa nani. Basi jina zima linamweka mwanamke huyu katikati ya vizazi viwili, mtoto wa Menza na mama wa Katilili. Mume hayumo.

Kuna Me mwingine ambaye lazima nimtaje, maana bila yeye hadithi hii haianzi. Huyu anaitwa Mepoho. Hapa tunaingia katika masimulizi ya kale na msinidai tarehe. Wazee wa Kimijikenda husimulia kwamba hapo zamani, kabla ya wageni kuja, alikuwepo mwanamke mwenye kuona mambo yajayo. Siku moja aliwaambia watu kwamba watakuja wageni wenye nywele kama nyuzi za makonge. Wageni hao watakuwa na vyombo vya kwenda majini, vya kwenda nchi kavu na vya kuruka angani. Watakapofika, nchi itaharibika, vijana hawatawaheshimu tena wazee, na desturi zitasahaulika. Alipomaliza kusema, ardhi ilifunguka akadidimia taratibu, watu wakimwona, mpaka akatoweka.

Nilimwuliza hawe, Poho alikuwa nani? Akanijibu kwamba alikuwa mtoto wa Mepoho. Nilicheka lakini yeye hakucheka. Kwake mtu anayeona hatari kabla ya wenzake ni mama, maana mama ndiye hulala jicho moja wazi. Sasa fikiria, mwaka 1913 anapotokea mwanamke mwingine ambaye jina lake pia laanza na Me, naye anasema kwamba wale wageni wa Mepoho wameshafika na wanataka watoto wetu. Wagiriama walijua mara moja wanasikia sauti ya aina gani.

Haya, turudi kwenye maisha. Hapa mwanzoni nitamwita binti Menza, kwa kuwa alikuwa hajazaa na hawe hawezi kunilaumu. Binti Menza alizaliwa katika nchi ya Wagiriama, eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi, karne ya kumi na tisa. Husimuliwa kwamba katika watoto watano wa nyumba yao, yeye peke yake alikuwa msichana. Husimuliwa pia kwamba ndugu yake mmoja, Mwarandu, alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa, akapelekwa asikojulikana na hakuonekana tena.

Mimi nilipofika hapo nilisimama kidogo. Katika vitabu vya Historia biashara ya watumwa ni sura moja, unaisoma, unajibu maswali, unafunga kitabu. Lakini huyu alikuwa msichana mwenye kaka, na siku moja kaka hakurudi. Mama yao alifanya nini siku hiyo? Nadhani binti Menza alimtazama mama yake, na alichokiona hakukisahau. Hayo ni mawazo yangu, msomaji, hayamo kitabuni, lakini bila ya kuyawaza sielewi kwa nini baadaye alikasirika vile serikali ilipotaka vijana.

Aliolewa, akajifungua, mtoto akaitwa Katilili. Kuanzia hapo ni Mekatilili. Baadaye mumewe alifariki akawa mjane. Kwetu siku hizi ukisema mjane watu wanaona huruma tu, lakini katika mila za Wagiriama mwanamke mjane aliyekomaa alikuwa na nafasi ambayo mke mwenye mume hakuwa nayo. Aliweza kusimama mbele ya wazee na kusema neno lake, naye akasikilizwa.

Ili uelewe neno alilosema, lazima kwanza ujue Wagiriama walikuwa katika hali gani. Zamani Wamijikenda wote tisa, Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Warabai, Wajibana, Waduruma na Wadigo, walikaa ndani ya kaya, yaani vijiji vyenye boma katikati ya msitu. Kaya ya Wagiriama ni Kaya Fungo. Si mbali sana na sisi, kwani ukitoka hapa Mikindani ukapanda na barabara kuu hadi Mazeras, kisha ukakata kulia kwenda Rabai na Kaloleni, unakuwa umeikaribia. Lakini kufikia wakati wa Mekatilili watu wengi walikuwa wameshatoka kwenye kaya wakaenea kutafuta mashamba, hata wakauvuka mto Sabaki kuelekea kaskazini. Walikuwa wakulima hodari. Walilima mahindi, mtama na wimbi, wakauza nafaka pwani. Hawakuwa na shida ya kuajiriwa na mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa taabu kwa serikali ya Mwingereza. Uingereza ilitangaza utawala wake juu ya nchi hii mwaka 1895. Mashamba makubwa ya pwani yalihitaji wafanyakazi, na biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku. Nani afanye kazi? Wakawatazama Wagiriama wakaona vijana wenye afya wanaolima mashamba yao wenyewe. Mwaka 1912 akaletwa ofisa mmoja, Arthur Champion, awasimamie kwa karibu. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kuweka machifu na mabaraza ya kutii serikali, na kuwatoa vijana waende vibaruani. Tena kulikuwa na mpango wa kuwahamisha wale walioko ng'ambo ya Sabaki, penye ardhi nzuri.

Kodi watu wangeweza kuilipa kwa kunung'unika. Lililowachoma ni vijana. Mgiriama hakuona tofauti kubwa kati ya mtu anayekuja kumchukua mwanao kwa mnyororo na mtu anayekuja kumchukua kwa karatasi. Na hapo ndipo Mekatilili alipoinuka.

Hakuanza kwa wanaume, alianza kwa kina mama. Alizunguka kijiji kwa kijiji akiicheza kifudu, ngoma ambayo kwa desturi huchezwa kwenye matanga. Hebu fikiri maana yake. Anakuja mwanamke mtu mzima, mjane, anacheza ngoma ya kilio mahali ambapo hakuna maiti. Lazima watu watoke waulize, kafa nani? Na wakishatoka na kukusanyika, yeye anawaeleza nani yuko karibu kufa. Hapakuwa na redio, hapakuwa na gazeti, lakini habari ilienea nchi nzima.

Alisaidiana na mzee mmoja mganga, Wanje wa Mwadorikola. Mnamo mwezi wa Julai na Agosti mwaka 1913 watu walikusanyika kwa wingi Kaya Fungo, wanaume kwa wanawake. Wakala viapo viwili. Cha wanawake kiliitwa mukushekushe, na cha wanaume kiliitwa fisi. Waliapa kutoshirikiana na serikali, kutotoa kodi wala vijana, na kutowatii wale wazee waliokubali kulipwa na Mwingereza. Kwa Mgiriama kiapo si maneno. Anayekivunja hujua kwamba mauti yanamsubiri. Basi baada ya siku chache Champion akaita watu na watu hawakuja. Aliagiza wachukuzi, hawakuja. Machifu wake wenyewe walimkwepa. Nchi ilikuwa imemnyamazia, na hakuna risasi hata moja iliyokuwa imepigwa.

Hapa ndipo pana kisa cha kuku, ambacho kila mtoto wa Kigiriama anakijua. Wazee husimulia kwamba katika baraza moja Champion alikuwa akieleza kwa nini serikali inataka vijana. Mekatilili akaja na kuku na vifaranga vyake. Akamwambia Champion achukue kifaranga kimoja. Champion alipoinama kukishika, kuku akamrukia na kumdonoa. Mekatilili akamwambia kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa akijaribu kumchukua mtoto wa Mgiriama. Wengine huongeza kwamba Mzungu kwa hasira alimpiga yule kuku risasi.

Kisa hiki nilikisikia tangu nikiwa mdogo na siku zote nilikiona cha kuchekesha. Safari hii ndipo nilipoona kwamba kinalieleza jina lake. Yule kuku hana jina la kwake. Yeye ni mama wa vile vifaranga, basi. Na Mekatilili alipojitokeza mbele ya serikali hakusema yeye ni malkia, wala hakusema ni nabii. Alikuja kama Me, mama wa mtoto fulani, na kila mwanamke pale barazani alikuwa Me wa mtoto wake. Mnyazi asingeweza kufanya hivyo. Mnyazi ni binti ya mtu. Angeambiwa nenda kamwite baba yako.

Kuna jambo jingine linalonichekesha kidogo. Waingereza nao waliliandika jina hilo katika barua na ripoti zao, wakati mwingine wakiliboronga na kuandika Mekatalili. Mwanamke waliyemwona mchochezi, wakawa wanamwandika mama, mama, mama, kila ukurasa!

Serikali haikukaa kimya. Mwezi wa Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa. Wakaonekana ni hatari kuachwa pwani, wakapelekwa Kisii. Sisi wa Mikindani Kisii twaijua, kwa sababu tuna majirani wa huko ambao kila Desemba hupanda basi la jioni na kufika kwao kesho yake wakiwa wamechoka hoi. Hiyo ni kwa basi na barabara ya lami. Yeye alipelekwa kule mwaka ambao njia zilikuwa ni vijia vya porini, kwa watu ambao lugha yao hakuijua, mahali penye baridi asiyoizoea.

Na kutoka huko alitoroka. Tarehe 14 Januari 1914, yeye na Wanje waliondoka kizuizini wakashika njia ya kurudi kwao. Jamani, hebu chukueni ramani ya Kenya iliyo nyuma ya atlasi zetu. Weka kidole Kisii, kitembeze mpaka Kilifi. Ni mamia ya kilomita. Katikati kuna nyanda za juu, kuna Bonde la Ufa, kuna nyika ambayo hata leo ina simba na ndovu. Hakuwa kijana tena. Alikula nini? Walilala wapi? Alisema nini na watu wa njiani? Ningependa kujua hayo kuliko mambo yote ya vita. Nilijaribu kumwuliza hawe alitembeaje, akasema alitembea kama mtu ambaye ameacha watoto nyumbani. Sijapata jibu lililo bora kuliko hilo.

Walifika, na maneno ya viapo yakawa moto upya. Serikali ikaona chanzo cha ukaidi ni kaya yenyewe. Wazee walikuwa wameshalazimishwa kuifunga, lakini kufunga hakukutosha. Tarehe 4 Agosti 1914 askari waliilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuichoma moto. Ni siku ile ile Uingereza iliyotangaza vita dhidi ya Ujerumani huko Ulaya, na vita hivyo vikawa ndivyo Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kwa Wagiriama dunia ilikuwa imeshalipuka.

Ya vita vyenyewe sitayarefusha. Serikali ilitaka wapagazi wa kuwabebea mizigo askari waendao kupigana na Wajerumani, watu wakakataa, na katikati ya Agosti mapigano yakaanza. Wagiriama walikuwa na mishale, upande wa pili ulikuwa na bunduki. Nyumba zilichomwa, mbuzi walitekwa kwa maelfu, watu wengi waliuawa, na waliokaa ng'ambo ya Sabaki walifukuzwa kutoka mashamba yao. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa vijana 1,000 wa kazi. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena mwezi huo wa Agosti na kupelekwa mbali kwa mara ya pili.

Mtu anaweza kusema, basi alishindwa. Mwenzangu mmoja darasani alisema hivyo hasa nilipomweleza, akaniuliza shujaa gani huyu ambaye watu wake walipigwa? Sikuweza kumjibu siku hiyo. Sasa ninaweza, lakini jibu langu ni matukio tu. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliruhusiwa kurudi. Serikali ikakubali wazee wakae tena Kaya Fungo, ile ile iliyoilipua kwa baruti. Wanje akawa kiongozi wa baraza la wanaume la kaya, na Mekatilili akawa kiongozi wa baraza la wanawake. Watu wa ng'ambo ya Sabaki nao wakarudishiwa ruhusa ya kukaa kule. Mpango wa kuwafanya Wagiriama kuwa vibarua wa mashamba ya walowezi haukufua dafu. Msitu ukaota juu ya majivu. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia nzima.

Mekatilili alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, upande wa Magarini huko ndani ya Malindi. Katiba mpya ilipopatikana mwaka 2010, siku ya tarehe 20 Oktoba ikaitwa Siku ya Mashujaa kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hiyo sanamu yake ilizinduliwa Malindi, na bustani iliyokuwa ikiitwa Uhuru ikapewa jina lake. Na wanapoliandika jina lake huandika Mekatilili wa Menza. Mtoto wake na baba yake, kama alivyokuwa mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye deni langu. Mimi pia nina jina la nyumbani, jina la Kigiriama, ambalo ni la hawe mwenyewe, kwa kuwa kwetu mjukuu hupewa jina la nyanya. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu alilisoma kwa sauti wakati wa kuita majina, darasa zima likacheka, eti jina la mashambani. Kuanzia siku hiyo niliacha kuliandika. Kwenye madaftari yangu yote mpaka kidato cha tatu kuna jina la ubatizo na jina la baba tu. Hawe hajui kusoma, kwa hiyo hakujua. Kila jioni ananiita kwa jina lake mwenyewe, jina ambalo mtu mwingine yeyote hamwiti kwalo tena, maana tangu alipomzaa baba yangu mkubwa yeye ni Me. Alininong'oneza siku moja kwamba akiniita mimi ndipo analisikia. Nilikuwa nimelificha jina ambalo yeye amebaki nalo kinywani mwangu tu!

Makala haya nilipoyaandika mara ya kwanza niliyapa kichwa cha Mnyazi wa Menza, kwa kuwa nilitaka kuonekana najua. Nikamsomea hawe nusu yake usiku, umeme ukiwa umepotea, kwa mwanga wa koroboi. Alipofurahia sana ni pale pa kuku. Halafu akaniuliza hapo juu kabisa pameandikwa nini. Nikamsomea kichwa. Hakusema kitu, akanyosha mkono tu kama mtu anayeomba kitu, nikampa karatasi. Akaitazama kwenye ule mwanga, ingawa hawezi kusoma, akanirudishia, akaniambia nitafute raba.

Kwa hiyo mwalimu mlezi wa chama, ikiwezekana zile alama mbili zirudishwe. Kidato cha pili watakuwa wametushinda kwa alama moja, na wadogo zangu nawapa hongera. Na mhariri tafadhali, kwenye orodha ya wanachama iliyo ukurasa wa mwisho, majina yangu yawekwe yote matatu.